Fahali Aliyetoka Zambarau kwenye Printa

Vijana wa studio wameniomba, kabla sijazoea kukaa nyumbani, niwaandikie kama mpiga picha anayechapa kwa printa ya wino anahitaji kununua programu maalumu ya kuchapia. Nadhani walitaka niandike ndiyo au hapana. Wangeniuliza nikiwa bado kazini ningewajibu hivyo, maana kungekuwa na wateja wamekaa kwenye benchi. Sasa sina benchi wala wateja, kwa hiyo watanivumilia.

Nilianza kazi kwa Mzee Katepa, mwenye studio, nikiwa na miaka ishirini na sita, nimechoka kushonea watu sare za shule. Siku ya kwanza hakunionyesha kamera. Alinionyesha jiko la mkaa. Mwezi wa sita hapa Sumbawanga, mkoani Rukwa, maji yanauma mikono, na dawa ya kusafishia picha ikipata baridi haifanyi kazi. Kwa hiyo kila asubuhi niliwasha jiko, nikapasha dawa kwenye sufuria iliyoandikwa SI YA CHAI, na Mzee akaja kuipima kwa kiwiko, kama mama anayetaka kuogesha mtoto.

"Dawa ni kama kichanga, Skola," aliniambia. "Ikipata baridi hailii. Inanuna tu."

Kulikuwa na sufuria nyingine iliyoandikwa YA CHAI. Mwaka wangu wa kwanza zilibadilishana mara moja. Mzee alisema chai ile ilikuwa kali lakini imemwamsha vizuri.

Studio ilikuwa na koti moja la wateja, jeusi, na tai moja iliyofungwa fundo tangu zamani, mtu anaivaa kwa kuipitisha kichwani. Kila aliyetaka picha ya pasipoti alilivaa. Siku moja afisa mmoja mgeni alikuja kuuliza kwa nini waombaji wote wa kazi wa wilaya nzima wana koti moja. Mzee akamjibu kwamba ndilo la wilaya. Yule bwana akaandika kwenye daftari lake, akaondoka ameridhika.

Nilijifunza mengi kwake, na jambo moja lilikuja kutuponza. Picha ya nyeusi na nyeupe ikiwa imelowa inadanganya. Ikikauka inageuka kidogo, inakuwa na giza zaidi. Mzee alikuwa na msemo wake: "Mbichi usiihukumu. Ikikauka, itarudi." Kwa picha zile alikuwa sahihi kabisa. Tatizo la watu waliokuwa sahihi kwa miaka mingi ni kwamba hakuna anayewaambia siku walipoacha.

Kisha nchi ikafungua milango ya biashara. Maduka yakajaa, mitumba ikaja kwa marobota, na kila harusi ikataka picha za rangi. Hatukuwa na mashine ya rangi, tukawa tunatuma mikanda Mbeya kwa basi, tunangoja wiki mbili. Mara nyingine bahasha zilirudi na picha za watu wengine. Familia moja ya kijiji cha Pito ilipokea harusi ya watu wasiowajua hata mmoja. Nilipowafuata nizirudishe walikataa. Mama mwenye nyumba alisema bibi harusi wa kwenye ile picha anacheka vizuri kuliko mkwe wake, na tayari wameshamtundika sebuleni.

Mfanyabiashara mmoja wa njia ya Tunduma ndiye aliyetuletea kompyuta, kamera ya dijitali na printa ya wino, pamoja na maboksi ya karatasi yasiyo na maandishi yoyote. Mzee alizipokea kama mtu aliyeletewa wajukuu wote kwa mpigo: kwa furaha, na bila kujua yupi anakula nini. Akaninunulia kitambaa cha kuifunika printa, kwa sababu ya vumbi na upepo wa kwetu. Tukaanza kuchapa wenyewe.

Miezi michache ya kwanza picha zilitoka vizuri. Kisha kidogo kidogo zikaanza kugeuka, na hapa ndipo ninapotaka vijana wasome polepole. Hatukugundua, kwa sababu wateja walikuwa wanafurahi. Kwaya moja iliyovaa sare za kijani ilitoka bluu. Mwenyekiti wao akaitazama sana, akasema bluu ndiyo rangi ya Bikira Maria, huenda ni ishara, na Pasaka ilipofika walikuwa wameshona sare mpya zifanane na picha. Shamba la mahindi la kule Matai likatoka rangi ya ziwa. Nyuso za watu zikawa na rangi ya zambarau zilizoiva, na watu wakaambizana mitaani kwamba hiyo ndiyo "rangi ya kompyuta". Wengine walikuja kuiomba kwa jina.

Ndipo akaja Masanja.

Masanja alikuwa mfugaji, Msukuma aliyehamia Milepa na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Mwanawe wa kwanza, Luhende, alikuwa amepata mchumba kule kwao, binti aitwaye Kabula. Mahari ilikuwa imeshazungumzwa, imebaki kitu kimoja. Upande wa binti ulitaka kumwona fahali atakayeongoza kundi la mahari, na Shinyanga ni mbali. Masanja akaamua kuwapelekea picha.

Nilishuka bondeni hadi Milepa na kamera. Fahali aliitwa Meneja. Nilimuuliza Masanja kwa nini.

"Hafanyi kazi yoyote," alisema, "na wote wanampisha."

Alikuwa mnyama wa kupendeza kweli, rangi ya tofali lililoiva tanuruni, na paji jeupe. Nikampiga picha nyingi. Niliporudi mjini, nikiwa na Masanja, nikamweka kwenye kompyuta, na kwenye kioo alikuwa tofali lilelile. Nikabonyeza. Akatoka zambarau.

Masanja mwenyewe alikuwa amesimama pembeni yangu, gari la kwenda bondeni linapiga honi barabarani. Aliitazama picha. "Mama, mbona kama amebadilika?"

Nami nilikuwa nimeona. Nikamgeukia Mzee Katepa. Mzee akaishika kwa ncha za vidole, akaipuliza. "Bado mbichi," alisema. "Ikikauka, itarudi."

Masanja akaiweka kwenye bahasha akakimbilia gari. Nilijisikia vibaya, lakini nilinyamaza. Aliyenifundisha kazi alikuwa amesema, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona akikosea.

Picha ilikauka njia nzima hadi Shinyanga. Haikurudi.

Wakwe walipoipokea hawakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo lililokuwa baya. Walikuwa hawajawahi kumwona fahali wa zambarau. Habari zikaenea kijiji kwa kijiji kwamba kuna fahali wa rangi isiyo na jina, na Wasukuma wana majina mengi ya rangi za ng'ombe kuliko rangi tulizonazo sisi kwenye boksi la penseli. Wacheza ngoma wakamtungia wimbo. Mzee Ngassa, baba mkubwa wa binti, akapewa kazi ya kusafiri mpaka Milepa kumtazama. Akafika, akaonyeshwa Meneja, akatoa picha mfukoni, akatazama huku, akatazama kule.

"Huyu siye," alisema.

Masanja akaapa. Mzee Ngassa akasema hamwiti mtu mwongo nyumbani kwake, ila fahali aliyekubaliwa ni wa kwenye picha, na kama amefichwa, basi na binti atafichwa. Luhende aliacha kula. Masanja, ambaye hajawahi kutuhumiwa hata kwa ndama, akafanya jambo ambalo mtu mwenye hasira na haki hufanya. Akamfunga Meneja kamba, akapanda naye mlima kuja Sumbawanga, mwendo wa siku mbili, mkwe akiwa nyuma na picha yake.

Asubuhi moja nafungua mlango wa studio, naona pua. "Mwangaluka," Masanja akanisalimu kutoka nyuma ya fahali, kwa upole wa mtu aliyechoka. Akamfunga Meneja kwenye nguzo ya umeme. Mzee Ngassa akanionyesha picha, akaniuliza kwa utulivu, "Mama, wewe ndiye uliyempiga huyu? Basi tuonyeshe alipo."

Kwa bahati, au kwa mkosi, tulikuwa na mgeni siku hiyo. Bwana Edgar alikuwa muuzaji wa vifaa vya kompyuta kutoka Dar es Salaam, kijana mwenye tai na meno yaliyokuwa yakigongana kwa baridi. Alikuwa na siku ya pili kwetu akijaribu kumuuzia Mzee programu maalumu ya kuchapia. Ilikuja kwenye sidi, pamoja na kidude kidogo cha kuchomeka nyuma ya kompyuta; bila kidude, programu haifunguki. Aliposikia kesi, uso ulimng'aa.

"Mzee, si niliwaambia? Printa yenyewe haina akili. Inataka programu ya kuitafsiria rangi. Hii ni kiboko, mzee. Leo hii hii ng'ombe anarudi kwenye rangi yake."

"Fahali," alisema Mzee Ngassa.

Wakati Edgar anaweka programu, akafika mtendaji wa kata, maana Meneja alikuwa amefunga njia na watu walikuwa wamejaa. "Nani mwenye ng'ombe huyu?" akauliza.

"Ni mteja," akajibu Mzee Katepa.

Mtendaji alipoelezwa aliomba kiti. Alisema jambo linagusa ndoa, mifugo na barabara, kwa hiyo liko ndani ya mamlaka yake kwa njia tatu.

Programu ikafunguka. Ikauliza aina ya karatasi. Karatasi yetu haikuwa na jina, Edgar akaichagulia jina kwenye orodha kama mtu anayebatiza. Tukachapa. Nikaitoa nje kwenye mwanga, Masanja akaibandika ubavuni mwa Meneja. Zambarau. Edgar akarekebisha, tukachapa tena. Zambarau. Kusema kweli programu ilikuwa nzuri: kila unywele wa Meneja ulionekana, na kila unywele ulikuwa zambarau. Nakala ya tano Meneja aliila. Mzee Ngassa akasema hata mwenyewe ameikataa, iandikwe. Mtendaji akaandika.

Kufikia saa sita Masanja alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye nguzo, uso umefunikwa kwa kofia. Nilimpelekea chai. Hakuinua kichwa. "Mama," alisema, "mwanangu ataitwa mtoto wa mwongo." Nikarudi ndani nikitamani kulia. Mzee Katepa alikuwa amesimama karibu na printa, anakunja na kukunjua kile kitambaa cha kuifunikia.

Edgar, akiwa ameishiwa, akachapa karatasi ya majaribio, ile yenye michirizi ya kila wino. Akaitazama haraka. "Hii iko poa. Wino zote zinatoka."

Mzee Ngassa aliomba kuiona. Akaishika mbali na uso, kisha karibu. "Hawa ni wangapi?"

"Wanne, mzee. Mweusi, wa bluu, mwekundu na wa njano."

"Mimi naona watatu."

"Wa njano haonekani vizuri kwenye karatasi nyeupe, mzee. Ndivyo alivyo."

Mzee Ngassa akamtazama kwa huruma. "Mwanangu, nimechunga tangu meno yangu ya kwanza. Aliyejificha na asiyekuwepo si mmoja. Wanne wamekwenda malishoni, watatu wamerudi. Nendeni mkamtafute."

Niliichukua ile karatasi nikaenda nayo dirishani, nikaigeuza kwenye jua. Palikuwa peupe. Hakuna hata ukungu wa njano. Ndipo yote yakanijia kwa pamoja: kijani kikiondolewa njano kinabaki bluu, na tofali likiondolewa njano linakwenda zambarau. Kwaya, shamba la Matai, nyuso za watu wa wilaya nzima.

Niliichomoa katriji ya njano. Chini yake, kwenye vitundu ambavyo havionekani kwa macho, palikuwa pamekauka kwa vumbi na baridi kama matope mwezi wa tisa. Mzee Katepa alikuwa ameshawasha jiko la mkaa bila kuambiwa. Akapasha maji, akayapima kwa kiwiko, akanisogezea sahani. Nikaikalisha katriji juu ya kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, tukangoja, tukafuta, tukangoja tena. Mara ya tatu kitambaa kikatoka na doa la njano. Sijawahi kushangilia doa namna ile.

Tukachapa kwa programu ya Edgar: tofali. Nikaomba tuchomoe kidude, tukachapa kwa programu iliyokuja na printa yenyewe: tofali. Zote mbili zikapelekwa nje ubavuni. Mtendaji akaulizwa ipi imechapwa kwa programu ya bei, akanyooshea kidole fahali.

Masanja akavua kofia. Watu wakapiga makofi. Lakini Mzee Ngassa alibaki amesimama na picha mbili mikononi.

"Nimeridhika kwamba hii ni ya huyu," alisema. "Ila sisi tulikubali ile. Nimeacha watu wanaimba. Nitarudi niwaambie nini?"

Ndipo Mzee Katepa alipotoka nje, akapita katikati ya watu, akasimama mbele ya Mzee Ngassa. Hakuwa mdogo kwake kwa umri, lakini aliinamisha kichwa.

"Kosa si la Masanja, wala la fahali," alisema. "Ni langu. Huyu mama aliona, nami nikamwambia ikikauka itarudi. Nilikuwa sijui, na sikutaka ijulikane kwamba sijui."

Nilikuwa nimefanya naye kazi zaidi ya miaka kumi na mitano. Sikujua kwamba sentensi hiyo ilikuwemo ndani yake. Sauti ilimtoka ndogo, na mikono aliificha nyuma kama mwanafunzi.

Mzee Ngassa alifikiri sana. Mwishowe akasema anataka karatasi. Si pesa, karatasi yenye muhuri, ya kuwasomea waimbaji. Niliiandika mimi, na maneno yake bado nayakumbuka: "Studio inathibitisha kwamba fahali aitwaye Meneja, mali ya Masanja wa Milepa, hajawahi kuwa wa rangi ya zambarau wakati wowote wa maisha yake." Mzee Katepa akagonga muhuri. Mtendaji akagonga wa kwake chini, na kwa kuwa hakukuwa na fomu ya jambo hilo, akaipa karatasi ile namba ya jalada la migogoro ya mipaka.

Basi, vijana, swali lenu. Mzee Katepa aliinunua ile programu. Edgar hakuamini. Mzee alisema kijana amechapa fahali kutwa nzima kwenye baridi, hawezi kurudi Dar mikono mitupu. Nimeitumia miaka mingi, siisemi vibaya. Inapanga picha nyingi za pasipoti kwenye karatasi moja bila kupoteza nafasi. Picha za nyeusi na nyeupe, ambazo printa yenyewe huzipaka ukijani kidogo, programu inazitoa kijivu safi, na Mzee alizipenda hadi mwisho wake. Ukiwa na mashine pana, karatasi za aina nyingi na foleni ya kazi, inunue. Ukiwa na printa moja na karatasi moja, ile iliyokuja nayo inatosha, mradi umeiambia ukweli kuhusu karatasi. Lakini hakuna programu itakayokuchapia wino ambao hautoki. Kila asubuhi toa karatasi ya majaribio, ipeleke dirishani, na uhesabu. Wa njano mhesabu mara mbili.

Ndoa ilifungwa. Mavuno yalipokwisha nilishuka Milepa kupiga picha siku ya kumpokea bibi harusi. Kabula alikuwa msichana mrefu, mtulivu, mwenye macho ya kucheka kabla ya mdomo. Nilipokuwa nikimpanga kwenye mwanga, nikaona ni vizuri nimwombe radhi mimi mwenyewe kwa usumbufu wote ule wa fahali.

"Usijali, mama," alisema. Akafungua kipochi chake, akatoa picha ndogo, akanionyesha kwa siri, kwa kuwa Luhende alikuwa anakuja. Ilikuwa na muhuri wetu nyuma. Luhende alikuwa amepigwa wiki ileile ya Meneja, na mimi nilikuwa nimesahau kabisa. Alikuwa zambarau kuanzia paji hadi kola, masikio yakielekea bluu.

"Mwanangu, na hii ndiyo uliyopelekewa? Ukamkubali?"

"Nilimkubali."

"Hukushtuka?"

"Nilishtuka," alisema Kabula, akiirudisha picha kwenye kipochi. "Nililia siku mbili. Kisha nikasema, labda watu wa Rukwa ndivyo walivyo."